Kaunta ya Bilhah

Mzee Nyang'au alikuwa na meza moja tu duniani, na hata hiyo haikuwa meza. Kilikuwa kipande cha plaiwudi nene, kipana kiasi cha mtu kujinyoosha juu yake, kimeungua ukingo mmoja kwa masufuria, uso wake umejaa alama za kisu, na mgongoni kimepigiliwa mbao mbili ili kisipinde. Kila alikopata kazi alikwenda nacho. Akipewa stoo ya kulala kwenye mjengo, kitu cha kwanza kuingia ndani ni hicho, kinawekwa juu ya matofali, ndipo blanketi na sufuria zifuate. Vijana waliomfahamu hawakukigusa. Wageni waliokikalia waliambiwa wainuke, na si kwa lugha tamu.

Ilikuwa kaunta ya hoteli ya marehemu mke wake, Bilhah.

Kazi hii ya Sotik aliapa kuwa ndiyo ya mwisho. Magoti yalikuwa yamegoma, na kule kwao milimani Kisii nyumba yake ndogo ilikuwa imekwisha kujengwa, limebaki jiko tu. Humo jikoni ndimo alimokusudia kuiweka kaunta, chini ya dirisha, awe anakunywa chai ya jioni akiwa ameegemeza viwiko pale pale Bilhah alipokuwa akiegemeza vyake. Mpango mwingine wa uzeeni hakuwa nao. Ukimuuliza atafuga nini, anakujibu habari za kaunta. Ukimuuliza atapanda nini, ni kaunta vilevile.

Kiwanja kilikuwa cha Nyathira, muuza vitambaa, mwanamke wa Nyeri aliyeletwa Sotik akiwa bibi harusi na ambaye sasa anawafokea wateja kwa Kikipsigis kilichonyooka. Nyuma ya duka lake aliukata mlima na kujenga vyumba vya kupangisha, vimepangana chini ya ukingo wa udongo mwekundu uliosimama wima. Kwa miaka mingi ukingo ulikaa kwa adabu. Mvua za mwaka huu zikaufungua ufa juu, ufa wa kuingia mguu, na sasa kila jioni mabonge ya udongo yalikuwa yanaanguka mlangoni kwa Phelis, mpangaji wa chumba cha mwisho. Phelis na watoto wake walikuwa wamehamia dukani, wanalala katikati ya mabunda ya vitambaa. Kila asubuhi alipita kwa mafundi na swali lake lile lile.

"Fundi, leo tutarudi?"

"Karibu," Nyang'au alikuwa anamjibu. "Tuvumilie tu, mama."

Dawa ilikuwa ukuta wa konkriti wa kuuzuia mlima, na ukuta wa konkriti huanza kwa mbao. Kwanza unasimamisha vyuma, halafu unavifungia ndani ya sanduku la plaiwudi, upande huu na upande ule, ukiwa umelifunga kwa waya na kuliegemeza kwa miti, maana konkriti mbichi ina nguvu za ng'ombe dume na ikipata mwanya itatoka. Sanduku hilo mafundi huliita boksi. Nyang'au alikuwa mtu wa boksi. Alikuwa amefunga boksi Kericho, Litein, Bomet na kwingineko, na ukimpeleka mbele ya ukuta wake wa zamani atakuonyesha mshipa wa mbao ulivyojichora kwenye saruji, na kukwambia mbao zenyewe ziliishia kuwa banda la kuku la nani.

Boksi hupakwa mafuta. Hiyo ndiyo sheria. Oili chafu ya injini, ile nyeusi ya kuombwa gereji, unaipaka kwenye uso wa mbao utakaoguswa na konkriti, ndipo siku ya kufungua mbao iachilie. Usipopaka, mbao na konkriti vinashikana, na hakuna wa kuvitenganisha.

Sheria hiyo Nyang'au aliwahi kuivunja mara moja, na ndiyo sababu alioa.

Alikuwa kijana bado, wakijenga tangi la maji pembeni mwa mashamba ya chai nje ya Kericho. Ulikuwa msimu wa ukungu ule ambao wachumaji majani wanaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, vikapu mgongoni, kama watu wanaovuka maji ya kijani. Akaja msichana na birika na ndoo ya mandazi. Baba na mama yake walikuwa wachumaji, yeye mwenyewe alizaliwa kambini, na hakuna mtu wa mjengo aliyemtisha. Akasimama mbele ya Nyang'au akamuuliza kwa nini anaharibu mbao safi kwa oili chafu. Nyang'au akaeleza. Akaeleza tena. Alieleza vizuri sana, kwa mikono na kwa macho, mpaka chai ikapoa na wenzake wakaanza kukohoa kwa maksudi, na mbao moja akaisahau kabisa. Siku ya kufungua, mbao ile ikakataa. Nyapara alimtukana mbele ya watu, akampa patasi aitoe punje kwa punje. Alishinda pale tangu asubuhi, na Bilhah akageuza ndoo yake, akaikalia, akamtazama na kumcheka mpaka jua likaenda. Ni kicheko ambacho Nyang'au angekitambua popote.

Walipooana alimjengea hoteli kwa plaiwudi za boksi zilizostaafu, zenye madoa ya saruji, hoteli ya kufunguliwa na kufungwa upya. Mjengo ukihama, hoteli ilipakiwa kwenye lori pamoja na mchanga. Kaunta ilikuwa mbao bora kuliko zote, na juu yake Bilhah alikatia mandazi, mistari ya kisu ikienda hivi na hivi, mandazi yakitoka yenye pembe nne. Chini yake lilikaa jiko la makaa, kwa hiyo kaunta ilikuwa na joto siku nzima. Asubuhi za baridi mafundi waliweka viganja juu yake kabla hata ya kuomba chai. Siku ya kumwaga konkriti, ambapo hakuna kupumzika mpaka kazi iishe, wote walikunywa kwanza wakiwa wamesimama pale kaunta, na Bilhah alikata mandazi makubwa kuliko ya siku nyingine. Halafu, mashine ikishawashwa, alipaaza sauti kutoka ndani ya moshi wake.

"Baba Vinny, umepaka?"

Watu wanakufa kwa kicheko. Nyang'au ananung'unika kwamba mke huyu hajui kusahau. Na kila mara, kwa siri, anatupa jicho kwenye mbao zake kuhakikisha.

Figo zilimchukua Bilhah mwaka juzi. Usiku wa matanga kuni ziliisha, na kwa kuwa watu lazima waote moto, mtu akaanza kuvunja mbao za hoteli. Nyang'au aliziacha ziende. Alipoona wameinua kaunta, aliinuka kwenye kiti, akaenda akaikalia, na hapo alikaa hadi kulipopambazuka.

Siku ya kumwaga ukuta wa Nyathira ilikuwa Ijumaa, na ilikuwa lazima iwe Ijumaa. Kesho yake ilikuwa Sabato, na Nyang'au hakuwahi kushika nyundo siku ya Sabato. Keshokutwa ilikuwa Jumapili, na Nyathira hakutaka mtu amkorogee konkriti yeye akiwa kanisani. Na mlima, ambao hauna dini, ulikuwa ukianguka siku zote. Mashine ilikuwa imefika, wabebaji wameshavaa magunia mabegani, boksi limesimama, imebaki mbao moja tu ya upande wa mbele.

"Tata," Vinny akamwita baba yake. "Kuja uone hii."

Vinny alikuwa mwanawe wa pekee, mtu mzima mwenye mke, na siku hizi ndiye aliyeongoza kazi huku baba akishughulika na mbao. Mbao iliyobaki ilikuwa imelala chini kabisa ya nyingine, kwenye matope. Ilikuwa imefunguka matabaka kama chapati iliyokandwa vizuri.

"Imefura," Vinny alisema. "Na mimi ndio nilisema zipangwe hapo."

"Hiyo ukiweka itapasuka tumbo," alisema Okello, mfunga vyuma, aliyekunywa chai ya Bilhah tangu akiwa hana ndevu.

Vinny akapiga simu kwa maduka yote ya mji. Akarudi akikuna kichwa. "Hii saizi iko Kericho. Wanasema wataleta, lakini mpaka ifike ni jioni."

Wote wakatazama juu. Upande wa mashamba ya chai mawingu yalikuwa yameshaanza kujipanga. Huku mvua ina saa zake, na jioni si saa ya kumwaga konkriti. Kumwaga nusu na kungoja nako hakukuwezekana. Ukuta wa kuzuia mlima humwagwa kwa mkupuo mmoja, ukiukatiza, pale ulipokatizwa ndipo maji yatakapopitia.

Hakuna aliyetaja kaunta. Ndivyo Nyang'au alivyojua kwamba wote wanaiwaza. Okello alikuwa anaangalia viatu vyake. Vinny alikuwa amegeuza mgongo kabisa, asionekane anatazama upande wa stoo.

Phelis akatokea na birika la chai, maana alikuwa ameambiwa leo ndiyo leo. Akaona mashine imenyamaza, akaona nyuso zao, akaliweka birika chini. Safari hii hakuuliza. Alisimama tu, mkono kiunoni, akiutazama ufa.

Nyang'au akaingia stoo. Aliondoa sufuria, akaondoa redio, akaondoa Biblia na miwani, akavipanga juu ya blanketi. Halafu akaitoa kaunta nje akiwa ameibeba mgongoni, peke yake, na Vinny alipokuja kumsaidia alimwambia aache.

"Tata, si lazima. Tunaweza tafuta ingine."

"Wapi?"

Vinny akatazama mawingu.

"Ni ya kuazima," Nyang'au akasema. "Tukifungua boksi narudishiwa kitu yangu. Inaingia mwanya bila kukatwa?"

Vinny akapima. Iliingia, na nafasi kidogo ikabaki ya kuzibwa kwa kipande cha mbao. Kwa kuwa mgongo ulikuwa na zile mbao mbili, uso wenye alama za kisu ndio uliopasa kutazama konkriti. Hapakuwa na njia nyingine.

Nyang'au akalivuta debe la oili, akachovya brashi. Oili ikachuruzika, nyeusi, inanuka gereji. Akainama kuipaka kaunta, na kwa kuinama pua yake ikafika karibu na mbao, na mbao ikamnukia tangawizi na moshi. Ilikuwa harufu ndogo, ya kutafutwa, lakini ilikuwepo. Mistari ya kisu ilikuwa mbele ya macho yake, hivi na hivi, mkono ule ule miaka yote. Akaona kwamba akiteremsha brashi, hicho ndicho kitakuwa kitendo chake cha mwisho kwa Bilhah: kumpaka uchafu.

Akairudisha brashi debeni. Akajiambia kwamba mbao hii imekunywa mafuta ya kukaangia maisha yake yote, itaachilia yenyewe. Alijua anajidanganya. Alimwona Bilhah kwa macho yake, jioni baada ya jioni, akiisugua kaunta kwa sabuni na mchanga mpaka ikabaki kavu na nyeupe, na mbao kavu ndiyo yenye kiu kuliko zote. Lakini moyo ukitaka kitu huwa unajitafutia wakili.

"Tata, umepaka?" Vinny aliuliza kutoka upande wa pili, nyundo mkononi. Hakujua ametumia sauti ya nani.

Nyang'au akalisukuma debe kando. "Pigilia," akasema.

Wakapigilia. Wakanywa chai ya Phelis wakiwa wamesimama, mashine ikawashwa, na konkriti ikaanza kupanda, ndoo kwa ndoo, mikono kwa mikono. Nyang'au alizunguka boksi lake siku nzima akisikiliza mbao zikilia, akikaza waya hapa, akigonga mti pale. Kila alipopita penye kaunta aligusa mgongo wake kwa ncha za vidole. Boksi halikufungua hata mwanya wa ukucha. Walipomaliza kulainisha juu na kutandika maturubai, matone ya kwanza yakaanguka, na Nyathira akatoka dukani na mwavuli akasema Mungu ni mwema, kisha akamgombeza Okello kwa kukanyaga maua yake.

Asubuhi ya Sabato Nyang'au alivaa suti yake ya kanisani na tai. Mvua ilikuwa imekatika, mlima umetulia, baridi ile ya asubuhi imekaa juu ya kila kitu. Hakwenda kufanya kazi, alikwenda kuangalia tu. Akaweka kiganja juu ya mgongo wa kaunta.

Ilikuwa na joto.

Alijua kwa nini. Konkriti ikiwa inakauka hutoa joto, kila fundi anajua hilo, alikuwa amewaeleza vijana wengi. Alijua, na bado hakuuondoa mkono. Miaka miwili alikuwa amelala kando ya mbao hii, amekula juu yake, amesoma Zaburi juu yake, na miaka miwili ilikuwa baridi. Sasa ilikuwa na joto lile lile la jiko la makaa, la chini kwa chini, la kukufanya uweke na kiganja cha pili. Akaweka cha pili. Kule kanisani wimbo wa kwanza ulianza, ukaisha, wa pili ukaanza, na mzee wa kanisa Nyang'au alikuwa bado amesimama nyuma ya vyumba vya Nyathira akiwa ameshika boksi kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata walifungua. Mbao ziliachilia moja baada ya nyingine, kugonga kidogo tu na hiyo imekuja, na ukuta ukabaki nyuma yake, laini, wa kijivu. Walipofika kwenye kaunta waligonga. Wakagonga tena. Vinny akaleta mtaimbo, akaupenyeza ukingoni, akasukuma. Kitu kikalia kwa ndani, na zile mbao mbili za mgongoni zikabanduka zikiwa zimeng'oa tabaka moja la plaiwudi. Kaunta yenyewe haikusogea.

"Nani alipaka hii?" Vinny aliuliza.

Okello akajifanya anatafuta koleo.

"Hakuna aliyepaka," alisema Nyang'au.

"Lakini nilikuuliza, Tata."

"Uliniuliza. Nikakwambia pigilia."

Vinny akautupa mtaimbo chini. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa imejaa machozi, kwa sababu kaunta ile alijifunzia kusimama akiwa ameishikilia. "Si ungesema tu? Hata nailoni, Tata. Tungeweka nailoni katikati, oili isiguse, na ingetoka. Hata nailoni haungefikiria?"

Nyang'au hakuwa amefikiria. Miaka yote hiyo ya boksi, na nailoni haikumjia kichwani. Akachukua patasi na nyundo, akakaribia ukuta. Angeweza kuitoa. Ingetoka punje kwa punje, kutwa nzima, na mwisho angebaki na ndoo ya vipande vya kuwashia moto. Akaweka patasi ukingoni. Akainua nyundo.

Na pale akakumbuka lile tangi, na ile patasi, na msichana aliyekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Akaanza kucheka. Kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, halafu kicheko kikamshinda akaketi juu ya tofali, nyundo bado mkononi, na Vinny na Okello wakatazamana. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na alipolia hakujificha. Vinny akaja akachuchumaa kando yake, akamshika bega.

"Mbao mbili," Nyang'au alisema alipoweza kusema. "Maisha yangu yote nimeacha kupaka mbao mbili tu, na zote ni yeye."

Nyathira akatoka na mwavuli wake kuona ni nani anayelia kwenye kiwanja chake. Aliutazama ukuta, akaona kile kipande cha mbao kilichoganda katikati, na watu wake walijua anavyochukia doa. Nyang'au akainuka, akajipangusa.

"Mama Muriuki," akamwambia Nyathira kwa jina la mwanawe, "sijawahi kumwomba mwenye nyumba aniachie kosa. Leo nakuomba. Nitapunguza kwa malipo yangu ukitaka."

Nyathira alisogea, akapitisha kidole kwenye mbao, akaona ukingo ulioungua.

"Si hii ni ile ya Mama Vinny?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa natuma watu waniletee mandazi yake kutoka mjengo ya barabara ile," alisema. "Yalikuwa na tangawizi nyingi sana. Nilimwambia apunguze, akaniambia nijikaangie." Akakunja mwavuli wake. "Rangi itapita kando. Na nisisikie mambo ya kupunguza."

Akarudi dukani, na njiani akamwita Phelis aje achukue watoto wake na blanketi zake, maana yeye amechoshwa na kelele zao.

Vinny alikuwa bado anaitazama kaunta. "Lakini itaoza hapo, Tata. Mvua itaikula."

"Ioze." Nyang'au alishika ukingo wa mbao kwa kidole gumba. "Mbao ni juu tu. Konkriti iliingia kwa zile alama zote za kisu. Hii mbao ikishaisha, utakuta mistari yake imesimama hapo ndani, hivi na hivi. Hiyo haiozi."

"Na jikoni utaweka nini?"

"Utanitengenezea meza. Mbao yoyote tu."

Phelis aliwasha jiko lake mlangoni kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, akachemsha chai, akawaletea. Hakuna aliyewapanga, lakini kila mmoja alipopokea kikombe alikwenda kusimama mbele ya kaunta, Okello, Vinny, wabebaji, bega kwa bega kama siku ya kumwaga. Wakampisha mzee katikati. Nyang'au akaweka kiganja juu ya mbao. Ilikuwa imepoa. Akaacha mkono pale pale, akanywa chai yake polepole mpaka ikaisha.